Bustani ya Dereva

Mlinzi wa majani aliolewa mara ya pili akiwa tayari ana wajukuu, na watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kwa sababu bwana harusi alikuja kuposa akiendesha trekta, plau imening'inia nyuma inang'aa, na akaiegesha katikati ya watu walioapa kutolima. Kaka yake bibi harusi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya malisho, aliizunguka ile trekta mara mbili akishika kidevu. Kisha akasema, "Mdogo wangu, wanaume wote hawa duniani, ukaona umchukue mwenye plau?"

Huyo mdogo wake watoto walimwita Mama Majani, na wakubwa nao wakaiga. Mumewe aliitwa Dereva tu. Alikuwa ameendesha trekta tangu ndevu hazijaota, kule ng'ambo ya vilima kwenye mashamba makubwa, na kama alikuwa na jina lingine hakuwa mtu wa kulitangaza. Hakuwa mtu wa kutangaza chochote.

Suala la kutolima linahitaji maelezo, na si marefu, ingawa wataalamu walipolieleza mara ya kwanza walimaliza siku nzima na kalamu zao zote za rangi. Majani yanavuta hewa chafu inayotoka kwenye viwanda na magari, yanaipeleka kwenye mizizi, na mizizi inaiacha udongoni. Udongo ukiachwa utulie, hewa ile inakaa humo miaka na miaka. Ukiupindua kwa plau, inarudi angani. Sasa kuna makampuni ya mbali yanayochafua kupita kiasi, na yanawalipa watu kama hawa ili udongo wao usiguswe. Wataalamu wanaliita soko la kaboni. Wenyeji waliliita biashara ya hewa, na mwanzoni waliona wanachezewa akili. Halafu zahanati ikapata muuguzi wa kudumu, kisima kikapata pampu, na mzaha ukapungua.

Kazi ya Mama Majani ilikuwa kuzunguka mpaka. Alihakikisha ng'ombe hawakai sehemu moja mpaka majani yakaisha, alichimbua udongo kwa bomba la chuma na kuutia kwenye mifuko ya kupelekwa maabara, na kila mwanzo wa mvua aliyapaka chokaa mawe ya mpaka, moja baada ya jingine, kuanzia kilimani hadi nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Kazi hiyo aliipenda. Aliipenda kiasi kwamba kwenye mkutano wa kwanza kabisa, watu walipokuwa wakibishana juu ya adhabu ya atakayelima, ni yeye aliyesimama. Wengine walitaka faini. Akasema faini mtu atalipa na kesho yake atalima tena. "Anayelima ndani ya mawe, ahame," alisema. "Hapo mtaona kama kuna atakayejaribu." Mikono ikanyooshwa yote, na kaka yake akagonga meza. Dereva hakuwa amefika hata kwenye ndoto zake wakati huo.

Walikutana kwa sababu ya matope. Gari la mkaguzi wa mradi lilikwama bondeni, likaitwa trekta kutoka ng'ambo, na Dereva akalivuta likatoka bila kupiga kelele wala kumtukana mtu, jambo ambalo Mama Majani hakuwahi kuliona kwa mwanaume anayevuta gari. Alimpa chai. Akainywa kimya. Mume wake wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa maneno, angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, na alipofariki nyumba iliingia ukimya uliomtisha. Ukimya wa huyu haukumtisha. Ulikuwa wa mtu aliyepo.

Basi wakaoana, na Dereva akaacha kulima. Trekta ikawa ya kusomba maji, kuni, na wagonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa. Hakulalamika. Lakini jioni moja moja Mama Majani alimwona amechuchumaa nyuma ya nyumba akiipaka plau grisi, akiifuta kwa kitambaa, halafu akiitazama. Plau isiyo na kazi haihitaji grisi kiasi hicho. Alimwonea huruma, na hakujua aseme nini, kwa hiyo naye hakusema.

Mwanzo wa mvua mwaka ule Dereva aliugua homa kali. Mama Majani alikuwa ameshapaka mawe ya kilimani na anateremka. Aliiacha ndoo ya chokaa pale ilipo, akarudi nyumbani, akakaa kando ya kitanda. Alimpa dawa, alimbadilishia shuka, alimlisha uji kwa kijiko, na kwa kuwa mgonjwa hasemi na yeye hakutaka ukimya wa mgonjwa, alisema yeye. Alisema mengi ya upuuzi. Alisimulia bustani ya mama yake, kunde na maboga yaliyotambaa hadi mlangoni, na namna alivyokuwa akitoka asubuhi bila viatu kuchuma mchicha wenye umande. "Tangu nianze kulinda majani sijashika hata tuta," alisema. "Mambo mengine mtu anayaacha tu." Alidhani amelala.

Homa ilipoisha Mama Majani alikuwa na haraka, kwa sababu mradi uliwaita walinzi wote kwenye semina mjini. Akaondoka. Mvua nayo ilikuwa imefanya kazi yake. Chokaa ya mwaka jana ilikuwa imeoshwa yote, na majani yalikuwa yamepanda hadi magotini.

Siku aliyorudi, alisikia harufu kabla hajaona chochote. Udongo uliopinduliwa una harufu yake, na mtu aliyefanya kazi ya udongo hawezi kuikosea. Aliuweka mfuko wake mlangoni, akazunguka nyuma ya nyumba.

Dereva alikuwa amesimama pale amevaa shati la harusi, nywele amezichana kwa maji. Nyuma yake, mahali palipokuwa na majani, kulikuwa na udongo mweusi, mistari imenyooka kama iliyochorwa kwa rula.

"Bustani yako," alisema.

Mama Majani alikuwa anaona mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili yalimchoma. Aliona kwamba mtu huyu alikuwa macho siku zile za homa, kwamba alisikia kila neno, akalitunza, akangoja apate nguvu. Na aliona mawe yako wapi.

Dereva aliusoma uso wake. Tabasamu lake likafifia polepole. "Nimekosea?"

"Umelima ndani ya mawe."

"Mawe yale pale." Alionyesha mbele, ambako chokaa ilikuwa nyeupe inang'aa. "Niliyatafuta kwanza. Nikaishia hapa hapa, sikuyafikia."

Ni kweli, aliyatafuta. Yale meupe ndiyo aliyoyapaka mkewe kabla ya homa, na pale mbele mstari wa mpaka unapinda kuja nyumbani. Mama Majani alipiga hatua chache kutoka kwenye kona ya choo, akayatenga majani kwa mikono. Jiwe lilikuwa limelala chini, la kijivu, halina hata dalili ya chokaa. Lingepakwa siku ile ile aliyoiacha ndoo.

Dereva alilitazama lile jiwe. Kisha akaketi kwenye tairi la trekta yake, akavua kofia. Sheria aliijua, alisomewa siku aliyohamia, na mkewe ndiye aliyemsomea.

"Nitasema mwenyewe kwa shemeji," alisema. "Halafu nitaondoka. Wewe usijichafue."

"Nyamaza," alisema Mama Majani, neno ambalo hakuwahi kuwa na sababu ya kumwambia.

Tusimsingizie utakatifu. Alifikiria kuficha. Nyuma ya nyumba yake hapapiti mtu, na majani yangekuja kuota yenyewe, angalau ya juu juu. Lakini mkaguzi alikuwa anakuja wiki hiyo hiyo na picha zake za setilaiti, na picha haina haya. Wakikutwa wameficha, mauzo ya mwaka mzima yanasimamishwa, na muuguzi anarudi alikotoka. Muuguzi huyo ndiye aliyempa Dereva dawa. Akafunga kanga yake vizuri, akaenda kwa kaka yake kabla miguu haijabadili mawazo.

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na kwa mwenyekiti hiyo ilikuwa dalili mbaya. Walirudi pamoja. Alipofika nyuma ya nyumba alisimama mikono kiunoni.

"Amenyoosha," alisema, na ilionekana neno limemponyoka. Kisha akakasirika kwa kuponyokwa. "Mdogo wangu, sheria ni yako. Niligonga meza kwa mkono huu."

"Najua, kaka."

"Unataka nifanye nini?"

"Itisha mkutano. Na mpigie mkaguzi sasa hivi, usingoje aje na picha."

Mkaguzi, msichana mwenye sauti ya upole, aliuliza kwenye simu kama udongo bado una unyevu. Kama una unyevu, alisema, na kama mizizi haijakauka, warudishe yale mabonge jinsi yalivyokuwa, majani juu, wayakanyage yashike. Mengine yatakufa na mengine yatapona. Kipande hicho kitakatwa kwenye mauzo, lakini kwa kuwa wamesema wenyewe, mauzo hayatasimama.

Dereva alikuwa ameshapiga magoti kabla simu haijakatwa. Kazi hiyo trekta haiiwezi. Alilishika kila bonge kwa mikono miwili, akaligeuza, akalilaza kwenye shimo lake. Alijua kila moja lilitoka wapi kwa sababu yeye ndiye aliyelilaza. Mama Majani alipiga magoti mstari wa pili. Mwenyekiti alisimama pembeni akisema kwamba mtu wa rika lake hawezi kutambaa kwenye matope, na kwamba koti lake ni la mikutano, na alisema hivyo hadi alipolivua na kulitundika kwenye usukani. Walifanya kazi hadi jua likakaribia kuzama, na hakuna aliyezungumza isipokuwa mwenyekiti, aliyekuwa akimlaumu shemeji yake kwa kulima kina kirefu mno.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Mama Majani alisimama. Alisema mawe hayakuwa na chokaa, na kwamba chokaa ni kazi yake, na kwamba aliiacha kazi kwa sababu mumewe alikuwa mgonjwa na yeye alitaka kuwa karibu naye. "Kama kuna wa kuhama, mpaka niliuacha mimi," alisema.

Dereva akasimama bila kuitwa. Watu waligeuka kumtazama, maana wengi hawakuwa wamewahi kuisikia sauti yake.

"Plau niliendesha mimi," alisema. "Nilitaka apate bustani." Akakaa.

Kicheko kidogo kilipita madawatini, kicheko cha watu walioguswa wasijue wafanye nini na nyuso zao. Lakini sheria ilikuwa sheria. Mfugaji mmoja mwenye ng'ombe wengi, ambaye mwaka uliopita alizuiwa kulima hata shamba dogo la mahindi, alisema wazi kwamba wakimsamehe huyu, yeye kesho ananunua plau. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Mwenyekiti alikuna kichwa, akamtazama dada yake, akatazama meza aliyoigonga zamani zile.

Aliyewatoa hapo ni muuguzi wa zahanati. "Sisi tunaogopa nini?" aliuliza. "Tunaogopa kulimwa. Huyu baba bila ile trekta hawezi kulima hata tuta la vitunguu. Nimemwona na jembe." Sasa watu walicheka kweli, na Dereva mwenyewe akatikisa kichwa kukubali. "Basi kihame kilicholima."

Wakaamua hivyo. Trekta na plau vitoke kijijini, visirudi tena. Mwenyewe achague: afuatane navyo, au aviache abaki. Mwenyekiti aligonga meza, taratibu kuliko zamani. Yule mfugaji mwenye ng'ombe wengi alifikiri kidogo, akasema hiyo ataikubali, maana mtu na trekta yake si jambo dogo.

"Nimesikia," alisema Dereva.

Ni kweli halikuwa jambo dogo, na mkewe alilijua kuliko wote. Trekta ile ndiyo ujana wake. Ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyomfanya mtu mbele za watu, na alipokuwa ameshika usukani mabega yake yalikaa tofauti. Asubuhi iliyofuata Dereva alipokuwa akikagua mafuta, Mama Majani alimsogelea. Alitaka kumwambia kitu kimoja tu. Badala yake alijikuta anasema, "Usibaki kwa kunionea huruma. Ukienda nayo, nitaelewa."

Dereva akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia kila kitu. Akapakia sanduku la spana na begi lake, akapanda, akawasha. Trekta ikapanda barabara ya vilima, plau ikiyumba nyuma, na Mama Majani akasimama mpaka mlio ukapotea. Nitaelewa! Angeelewa nini? Alirudi ndani akajiuliza ni shetani gani aliyemtia maneno hayo mdomoni, wakati neno lenyewe lilikuwa fupi na lilikuwa pale pale kwenye ulimi.

Mchana alipiga simu. Ikaita juu ya kabati, kwenye chaji, pale Dereva alipoiacha siku zote.

Jioni hakurudi. Kesho yake Mama Majani alipaka mawe yote yaliyobaki, kwa hasira, akapaka na mengine ambayo hayakuwa ya mpaka. Kaka yake alipita akamkuta, akaanza kusema kwamba wanaume wa trekta ndivyo walivyo, kisha akamwona uso akaghairi. Akamwuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Mwenyekiti wa kamati ya malisho akaingia jikoni mwa dada yake akapika chai, chungu kwa majani mengi, na akakaa naye akainywa yote bila kulalamika.

Begi ndilo lililomkata maini. Mtu anayerudi habebi begi. Usiku ule alilala upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, kwa sababu hakutaka kujizoesha kulala katikati.

Siku iliyofuata, jua likiwa limeshaanza kulegea, alikuwa nyuma ya nyumba akimwagilia mabonge. Yaliyo mengi yalikuwa yamekauka ncha, lakini machache yalikuwa yamesimama. Alisikia kikohozi barabarani. Akageuka. Mtu alikuwa anateremka kilima polepole sana, begi begani, viatu mkononi, anachagua pa kukanyaga kama mtu anayetembea juu ya moto.

Hakumkimbilia. Alisimama na ndoo yake mpaka Dereva akafika, akateremsha begi, akaketi chini palepale alipokuwa amesimama. Begi liligonga ardhi kwa mlio wa chuma. Lilikuwa na mundu na jembe lisilo na mpini, vyote vipya, vimefungwa kwenye shati lake la pili.

"Trekta nimemwachia mpwa wangu," alisema. "Mvulana ana mkono mzuri. Ataitunza. Jembe ni la bustani, upande huu wa jiwe."

Nyayo zake zilikuwa zimechubuka, malengelenge mengine yamepasuka. Mama Majani alipiga magoti, akachota maji ya ndoo kwa kiganja, akaanza kuziosha.

"Sikujua ni mbali hivi," alisema Dereva. Alikuwa anashangaa kweli. "Kwa trekta si mbali."

Hapo Mama Majani akacheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, na hakujali. "Nilidhani hurudi."

"Kwani sikukuambia narudi?"

"Hukusema neno. Uliitikia kwa kichwa tu."

Dereva alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayekagua mashine kutafuta hitilafu. "Nilidhani nimesema," alijibu. "Kichwani nilisema mara nyingi."

Mama Majani aliukausha mguu wake kwa pindo la kanga. "Na mimi kuna neno nilitaka kukuambia asubuhi ile, nikasema lingine."

"Lipi?"

"Si umeshafika? Halina kazi tena."

"Niambie tu," alisema Dereva, akaunyoosha mguu wa pili uoshwe. "Nimetembea sana."

Basi akamwambia. Alimwambia arudi, kwamba bila yeye nyumba haimtoshi, kwamba asimwache. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, macho ameyafumba, maji yanamtiririka vidoleni. Kisha, mtu yule asiyeomba kitu, alimwomba arudie.